Mkunjo wa Kushoto Juu ya Nguzo

Naapa kwa meno haya machache yaliyokubali kubaki kinywani mwangu: kila neno mtakalosoma leo ni kweli tupu. Wiki zilizopita nilitia chumvi, sikatai. Yule kuku wangu aliyeatamia debe zima la mayai bila kuinuka hata kunywa maji. Yule mwizi wa umeme mwenye miwani ya giza utosini, niliyemkimbiza mpaka akaruka ukuta kama paka. Hizo zilikuwa za kuchangamsha gazeti. Leo ni chukuchuku. Hakuna chumvi, hakuna bizari.

Wewe uliyekosa sehemu zilizopita, shika haya tu. Mtaa wetu uliachana na umeme wa zamani, ule wa kuja na kukatika kama mapenzi ya ujanani. Sasa kila paa lina paneli za jua. Umeme unakusanyika kwenye betri kubwa ndani ya ghala la zamani la magunia. Kila nyumba inachangia, kila nyumba inachota fungu lake. Betri ni ya wote.

Kisha betri ikaanza kupungua bila sababu. Siku moja ikakauka kabisa, friji ya zahanati ikazimika, na muuguzi akalazimika kumwaga chanjo za watoto wa mtaa mzima.

Chama cha mtaa kikapiga hesabu, kikaona upotevu uko kwenye nguzo moja tu. Nguzo hiyo inalisha majengo mawili: nyumba yangu, na karakana ya Cheche, kijana wa kuchomelea vyuma.

Nani akateuliwa kumsaka mwizi? Mimi. Si nimestaafu kazi ya nyaya? Si nilipanda nguzo tangu wengine hawajaota meno?

Wiki iliyopita tulimwacha Fundi Kinda, msimamizi wa betri, akiwa juu ya ngazi, koleo mkononi, akipaza sauti:

"Nimempata!"

Twende.

"Umempata nani?" aliuliza Mwenyekiti kutoka chini, kiganja kikizuia jua. Mwenyekiti wetu ni mama mshonaji, utepe wa kupimia haumtoki shingoni, na akikutazama unahisi anakukata suruali.

Macho ya Kinda yalishuka kwenye ngazi, kidato kwa kidato, mpaka yakanifikia mimi niliyeishika kwa chini.

"Mwalimu," aliita.

"Naam, binti."

Ananiita mwalimu kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Alikuja kwenye genge letu la nyaya mwembamba kama unyasi, nikambandika jina la Kinda, na jina likamng'ang'ania mpaka leo ambapo yeye ndiye mkuu na mimi ndiye mbeba ngazi wa kujitolea.

"Ngazi umeishika vizuri?"

"Kama kichanga."

"Usiiachie."

Watu walikuwa wamejaa. Walianza kunguruma.

"Sema basi, Fundi! Tusije tukaota mizizi hapa!"

"Kuna waya," alisema Kinda. "Umeungwa kabla ya mita. Aliyeunga anachota bila kuhesabiwa."

"Unaelekea wapi?"

Kinda aliufuata waya kwa kidole. Ulishuka na nguzo, ukajificha nyuma ya mfereji wa maji ya mvua, ukazama.

"Unaingia chini ya bati."

"Bati la nani?"

Kinda alinitupia jicho tena.

"Fundi! Bati la nani?"

"La karakana."

Umati wote uligeuka kama mtu mmoja. Mlangoni pa karakana alisimama Cheche, glavu za ngozi mikononi, miwani yake ya giza ya kuchomelea imepandishwa utosini.

Miwani ya giza. Utosini.

Nikameza mate. Msomaji mwenye kumbukumbu na ameze yake pia.

"Ndiye huyo huyo wa gazetini!" mtu alipayuka. "Babu alimwandika!"

"Ndiyo maana moto wako haukatiki, Cheche! Unakula fungu la mtaa!"

"Watoto wetu hawana chanjo, wewe unachomelea mageti!"

"Jamani, mimi?" Cheche alivua glavu. "Fremu za paneli kwenye mapaa yenu, nani alizichomelea? Mimi nachomelea mchana jua likiwaka, betri ikiwa imejaa, kama tulivyokubaliana. Waya huo siujui. Wallahi siujui."

Hakuna aliyemsikiliza. Akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Babu. Wewe ndiye mchunguzi, na ukuta wetu ni mmoja. Unanijua. Waambie tu kwamba unanijua."

Wasomaji wangu, kuna maneno mepesi kuliko unyoya ambayo ulimi hushindwa kuyanyanyua. Nilikohoa. Nikatazama viatu vyangu. Nikasema:

"Uchunguzi unaendelea."

Cheche alinitazama kama mtu aliyeegemea mlango ukafunguka.

Juu, koleo likalia: kat! Kinda ameukata waya. Macho yangu yakakimbilia mlango wa stoo yangu.

"Kikao!" alitangaza Mwenyekiti. "Ghalani, sasa hivi. Kanuni tuliitunga wenyewe: anayeiibia betri anaondolewa kwenye mtandao."

Msidhani ni adhabu ndogo. Mtaa wa jirani ulikuwa umeamua kuweka paneli kama sisi, kisha betri yao iunganishwe na yetu, ili wao wakiwa na wingu sisi tuwape, na sisi tukiwa na wingu watupe. Kazi ya kuchomelea fremu zao zote walikuwa wamempa Cheche. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika. Bila umeme hana karakana. Na akiitwa mwizi, hana kazi.

Watu walitangulia ghalani. Mimi nilibaki nyuma nikibeba mwisho mmoja wa ngazi, Kinda akabeba mwingine.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka. "Kile kidole gumba chako cha kulia, bado kinakusumbua?"

"Kidogo. Baridi ikija."

"Kiliungua kabla hujanifundisha. Ukawa unakunja nyaya kwa mkono wa kushoto."

"Wanaokunja kwa kushoto wako wengi, binti."

"Wako. Lakini mkunjo ule wa nguzoni umekwenda kushoto, mkia umefichwa ndani, halafu umebanwa kwa koleo pande mbili ili usimchome anayepitisha mkono. Mimi nilijifunza kazi hii kwa kuutazama mkunjo huo kila siku. Hata ukinifunga kitambaa machoni, nikiugusa naujua."

Ngazi ilikuwa nzito ghafla.

"Mbona hukusema pale?"

"Nilikuwa nakuachia useme wewe."

Basi, msomaji, umeshajua. Mwizi wa gazetini, mwizi mwenye miwani, mwizi anayeruka kuta, alikuwa babu yako huyu mwenye goti bovu. Waya niliuunga mimi. Niliupitisha chini ya bati la Cheche kwa sababu ukuta ni mmoja, na upande wa pili wa ukuta huo ndiyo stoo yangu.

"Lakini mita haikuona kitu!" nilinong'ona. Aibu ya kwanza hiyo: hata katika kukamatwa, fundi ndani yangu alitaka kujua alikosea wapi.

"Mita haikuona. Nguzo iliona."

"Nguzo ina macho?"

"Kile kidude cheupe kilichofungwa juu yake. Kinapima umeme unaotoka, mita zinapima unaopokelewa. Hesabu zikipishana, ina maana katikati kuna mdomo."

"Kile? Mimi nilidhani ni cha kufukuza ndege."

Kinda alisimama. Nadhani alitaka kucheka, ikashindikana.

"Siku ya mafunzo ya mitambo hii mipya ulikuwa wapi?"

Nilikuwa sokoni nauza vifaranga. Waliponiita kwenye mafunzo niliwajibu mbele za watu: samaki hafundishwi kuogelea. Wakacheka, nikajiona mfalme. Sasa samaki alikuwa kwenye wavu, na wavu ulikuwa umetundikwa mbele ya macho yake, naye ndiye aliyeshika ngazi ukifungwa.

"Nifichie, mwanangu," nilimwambia.

Ndiyo. Nilisema hivyo. Mimi niliyemfundisha asiache waya wazi hata kwa dakika ya kunywa maji.

Alihamishia ngazi bega la pili. "Kwa heshima yako sitakutaja kwa kinywa changu. Lakini nikiulizwa sitadanganya. Una nafasi kuanzia hapa mpaka mlango wa ghala ule, mwalimu. Itumie."

Mlango ulikuwa karibu. Nikauingia bila kuitumia nafasi ile.

Ndani ya ghala bado kunanukia magunia. Betri imejipanga ukutani makabati kwa makabati, inavuma polepole kama nyuki walioshiba. Juu yake kuna skrini, na kwenye skrini kila nyumba ina taa yake ndogo. Ya kijani, nyumba inachangia. Nyekundu, inachota. Hakuna siri. Jirani akipiga pasi, unamwona.

Nyumba yangu ilikuwa kijani. Siku zote ilikuwa kijani! Kikao kilichotangulia walinipigia makofi: nyumba ya mfano, nyumba isiyo na tamaa, igeni kwa babu. Niliinama nikawaambia, si kitu, ni malezi tu.

Muuguzi alisimama wa kwanza. Hakupaza sauti.

"Mimi sina maneno mengi. Nilizitoa zile chupa kwenye friji zikiwa vuguvugu. Kina mama walikuwa kwenye benchi na watoto wao mgongoni. Nikawaambia warudi nyumbani. Mmoja alitembea tangu alfajiri. Nilitaka tu aliyefanya hivyo ajue nilivyowaambia."

Akaketi.

Nitawaambia jambo ambalo mstaafu wa umeme hapaswi kuliandika. Zamani watu wakiiba umeme waliona wamekula kitu kisicho na mwenyewe. Waya ulitoka mbali, ulikuja upande mmoja tu, haukujua nani kala na nani kalala njaa. Mwenye kuiba aliitwa mjanja. Umeme huu mpya una ubaya mmoja: una sura za watu. Ukichota usichostahili, kuna jirani ambaye taa yake inafifia, na asubuhi mtasalimiana. Mimi nilikuwa nimemsalimia muuguzi asubuhi ile ile ya chanjo. Nikamuuliza, umeamkaje.

"Cheche," alisema Mwenyekiti, "una la kusema?"

"Nimeshasema. Siujui waya huo."

"Fundi Kinda. Waya ni wa Cheche?"

"Umepita chini ya bati la Cheche."

"Sijakuuliza umepita wapi. Suruali hupita juu ya meza yangu, haiwi suruali yangu. Waya ni wa nani?"

Kinda alinitazama. Ghala zima likafuata macho yake.

Ndipo nikasimama. Nikavua kofia. Sauti yangu ikatikisa bati: "Mwacheni kijana huyu! Mwizi ni mimi!" Wanawake wakalia, wanaume wakashika vichwa. Cheche akanirukia akanikumbatia, akasema, "Babu, wewe ni simba."

Samahani. Ngoja.

Kuna mtu ameketi hapa pembeni yangu na penseli. Amri ya chama ni kwamba Fundi Kinda asome kila ukurasa kabla haujafika kwa mhariri, na sasa hivi amechora mstari juu ya simba wangu.

"Mwalimu, ulisimama?"

"Nilisimama."

"Ulisimama ukienda wapi?"

Chukuchuku, basi. Nilisimama nikielekea mlango wa nyuma. Nilikuwa nimekata shauri: wakati wanabishana, niwahi stoo, nivute kipande changu cha waya, nikitupe chooni. Bila kipande kile, ungebaki waya wa karakana peke yake. Mnaelewa nasema nini? Nilikuwa nakwenda kummalizia Cheche.

Mkono wangu uligusa komeo. Mlango ukafunguka kutoka nje.

Alikuwa mke wangu. Mikono yake imejaa unga, na katikati ya unga ameshika yai.

"Afadhali nimekukuta mlangoni, baba watoto," alisema kwa ile sauti yake inayosikika hadi nyumba ya tatu. "Ile mashine yako ya stoo imezimika. Mayai yanapoa. Nifanyeje, niyafunike blanketi?"

Betri ilivuma.

"Mashine gani, dada?" aliuliza Mwenyekiti taratibu.

"Ya kutotolesha vifaranga. Si mlimruhusu nyinyi wenyewe? Aliniambia kamati imempa kibali maalumu kwa sababu ya utumishi wake."

"Na yule kuku wa debe zima?" mtu aliuliza.

"Kuku gani?" mke wangu alishangaa. "Tuna jogoo mmoja tu, tena mgonjwa."

Hakuna aliyecheka. Ningetoa jogoo na nyumba angecheka mtu mmoja.

Kinda alikwenda kwenye skrini akagusa taa ya nyumba yangu. Kijani kibichi. Kuchota: hakuna.

"Mashine ile haijalala usiku wala mchana," alisema, na safari hii alijibu alilokwisha kuulizwa. "Mita haijaiona hata mara moja. Mkunjo wa nguzoni ni wa kushoto. Ni wa mwalimu wangu."

Mke wangu alilitazama yai, akanitazama mimi, akalitazama tena yai. Alilishika vizuri zaidi, kama vile yeye sasa ndiye mama yake pekee.

"Uliniapia," alisema.

"Mama watoto..."

"Nilipochemsha maji kwa kuni ili nisitumie birika la umeme, ukanisifu. Ukasema nyumba ya mfano. Uliniapia."

Nilitaka kusema kwamba haikuwa tamaa tu. Kwamba siku ile nilipanda nguzo kujaribu kama mikono bado inakumbuka, na ilipokumbuka, nikaona raha ya ujana. Kwamba nilipoanza kusimulia habari za kuku wangu wa ajabu na watu wakanizunguka sokoni, sikuweza tena kuizima mashine bila kuizima hadithi. Yote ni kweli. Hakuna hata moja lililotoka, na leo nikiyaandika naona yanafanana na mtu anayepaka rangi ukuta ulioanguka.

Cheche alisimama. Nikajiandaa kwa ngumi. Ningeipokea kwa shukrani.

Alivua ile miwani utosini, akaikunja, akaitia mfukoni, kama mtu anayeondoa kitu kilichomponza.

"Nilikuomba useme unanijua," alisema. "Sikukuomba zaidi ya hapo."

Akatoka.

"Mrudisheni mzee kwenye kibatari!" mtu alipiga kelele mara mlango ulipojifunga. "Kanuni ni kanuni!"

"Kateni," alisema mke wangu. "Nitakaa naye gizani. Lakini nitakaa upande wangu."

Mwenyekiti alizungusha utepe wake kidoleni, akaniita mbele. Nilisimama pale pale aliposimama Cheche.

"Mzee, kukukatia ni kumkatia mkeo, naye hana kosa. Na mayai hayana kosa. Mashine yako itarudi, lakini kupitia mita. Taa yako itakuwa nyekundu na kila mtu ataiona. Vifaranga wakitoka, utawapeleka nyumba kwa nyumba, mmoja mmoja, kwa mkono wako, na kila mlango utasema walitotolewa kwa umeme wa nani."

"Sawa, Mwenyekiti."

"Sijamaliza. Ulituandikia gazetini mwizi mwenye miwani ya giza. Ulimtoa wapi?"

"Nilimbuni."

"Ulimbuni ukimtazama nani dirishani?"

Dirisha langu linatazama karakana.

"Basi gazeti lililochafua ndilo litakalofua. Utaandika kama ilivyokuwa, na Fundi atasoma kwanza."

Kwa hiyo hiki unachosoma si hadithi. Ni faini. Nailipa neno kwa neno, na mwenye penseli hapunguzi hata moja.

Mayai yalipasuka. Si yote, yaliyopoa sana yalibaki kimya, nikayazika mwenyewe nyuma ya stoo. Niliwatia vifaranga kwenye kikapu nikashika njia.

Mlango wa kwanza nilisema, "Huyu ni wenu, umeme ulikuwa wenu," jamaa akapokea akafunga. Mlango wa pili walinikaribisha chai, na chai ile ilinichoma kuliko tusi. Kwenye zahanati, muuguzi alimchukua kifaranga akamweka kiganjani.

"Ana joto," alisema.

"Ndiyo, sista."

"Chanjo zinataka baridi, kifaranga anataka joto. Umeme ni ule ule." Akanirudishia. "Nitunzie mpaka akue. Hapa sina mahali. Kila ukimlisha utanikumbuka."

Mlango wa mwisho ulikuwa wa jirani wa ukuta mmoja.

Karakana ilikuwa kimya. Hakuna cheche, hakuna nyundo. Nilipobisha, Cheche alifungua nusu. Nilimnyooshea kifaranga na kuanza maneno yangu. Hakumpokea.

"Mtaa wa jirani wameniondoa kwenye ile kazi," alisema.

"Lakini kikao kimekusafisha! Kila mtu alisikia!"

"Kila mtu wa hapa. Kule hawakuwa ghalani, babu. Kule wana hiki."

Juu ya meza ya vyuma lilikuwa gazeti la wiki kadhaa nyuma. Kazi ya mkono wangu, maneno yangu, mwizi wangu wa kubuni. Mtu alikuwa amezungushia wino yale maneno: miwani ya giza utosini. Pembeni ameandika: hatuwezi kuunganisha betri yetu na mtaa unaofuga watu kama hawa.

Sikuwa nimemnyang'anya kijana jina tu. Nilikuwa nimenyang'anya mitaa miwili mkono wa kusaidiana.

"Nitaandika," nilisema. "Wiki hii hii. Wataisoma."

"Watasema ni hadithi nyingine. Nani anakuamini wewe, babu? Mimi mwenyewe nacheka nikikusoma."

Alichukua miwani yake kwenye msumari, akaivaa utosini, kisha akanifungulia mlango wote.

"Vaa viatu vizuri. Tunakwenda huko sasa. Wewe unatangulia."

Nilikwenda. Kifaranga wa Cheche nilimtia mfukoni mwa shati, kwa kuwa hakuna aliyempokea. Kinda alituona tukipita ghala, akauliza kwa macho, akajiunga. Watu wa mtaa wa jirani walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja walioutenga kwa betri yao, nguzo mpya zimelala chini zikisubiri. Walipoiona ile miwani wakaacha kuzungumza.

Mzee wao alitoka mbele na gazeti mkononi. Alimtazama Cheche, akanitazama mimi, akamtazama tena Cheche.

"Mmekuja wenyewe," alisema. "Vema. Mwizi ni yupi kati yenu?"

Kifaranga alilia mfukoni. Jua lilikuwa utosini na kila mtu alikuwa na nafasi ya kuniona vizuri. Na nawaambia kweli, pale pale, mbele ya macho yale yote, niliiona imekuja yenyewe, imepambwa, tamu kama asali: hadithi moja safi, ya mtu wa tatu, aliyekwisha kuhama mji, ambayo ingetuokoa sote wawili.

Nikafungua kinywa.

Nyuma yangu nikasikia penseli ikigongwa kwenye kiganja.

"Polepole, mwalimu," alisema Kinda. "Chukuchuku."